Miaka 15 ya hati imekwisha: je, shamba la baba mkwe Karnataka linauzika?

SWALI (limefupishwa): Nimeolewa na mwanamume wa jimbo la Karnataka, India, mimi naishi Mwanza. Familia yake ni Wadalit, watu wa matabaka yaliyobaguliwa kuwa ya chini kabisa. Mwaka 1976 serikali ilimgawia marehemu baba mkwe ekari 4 bure wilayani Kolar, na hati ikasema zisiuzwe kwa miaka 15. Mwaka 1994 aliuza ekari 2 kwa jirani, wakaandikishana kwa msajili. Zimebaki 2. Sasa dalali wa Bengaluru anawaambia shemeji zangu kwamba muda umepita, ardhi iko huru, wasaini makubaliano na hati ya uwakili, awape arbuni ya rupia laki 10. Wengine wanataka nitume pesa ninunue mimi. Je, inawezekana? Na zile ekari 2 za jirani zinaweza kurudi?

JIBU: Dada, dalali ametoa nusu ya ukweli, na nusu aliyoibakiza ndiyo yenye hasara. Miaka 15 ilikwisha mwaka 1991, hapo hajakosea. Lakini ardhi ya namna hii Karnataka ina makufuli mawili. La kwanza ni sharti la hati, nalo hufunguka kwa kalenda. La pili ni sheria ya jimbo iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1979, na hilo kalenda hailifungui. Linafunguliwa na kibali cha serikali, tena kibali kitangulie mauzo. Shemeji zako wasisaini kitu wala wasipokee arbuni kabla ya kuelewa kufuli hilo la pili.

Jina refu la sheria ni Sheria ya Karnataka ya Kukataza Uhamisho wa Baadhi ya Ardhi za Watu wa Matabaka na Makabila Yaliyoorodheshwa, ya 1978. Huko kila mtu anaiita PTCL, nasi tutaiita hivyo. Ilitungwa kwa sababu sharti la kwenye hati peke yake lilishindwa kazi. Maskini alipewa ekari zake, msimu mmoja ukaharibika, akakopa, na ardhi ikaishia kwa mkopeshaji au kwa tajiri wa kijiji kwa bei ya kutupa. Muda wa hati ulipokwisha, aliyekwisha kuishika alikuwa amejichimbia mizizi. Tatizo lenyewe ni la zamani. Katika jimbo jirani la Tamil Nadu kuna ardhi iitwayo panchami, iliyoanza kugawiwa Wadalit baada ya agizo la serikali ya Kiingereza la 1892. Hiyo haikuruhusiwa kuuzwa kwa miaka 10, na baada ya hapo iliuzwa kwa mtu wa matabaka hayohayo tu. Sehemu kubwa iliponyoka vilevile. Nayataja majimbo mengine ili mtu wa Tamil Nadu au Andhra Pradesh akikupa ushauri, umwulize kwanza anazungumzia sheria ya wapi. Andhra Pradesh, kwa mfano, ilibadilisha sheria yake mwaka 2023 na kulegeza mauzo ya mashamba yaliyogawiwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Hilo halivuki mpaka kuingia Karnataka.

Kabla ya lolote, hakikisheni shamba lenu kweli linaangukia PTCL. Yanatakiwa mambo mawili: iwe ardhi iliyogawiwa na serikali, na aliyegawiwa awe, siku ya kugawiwa, mtu wa tabaka au kabila lililoorodheshwa, yaani lililomo katika orodha rasmi ya serikali. Hapa watu huteleza, kwa sababu si kila Mdalit yumo katika orodha hiyo. Kwa agizo la 1950 lililoweka orodha hiyo, pamoja na marekebisho yake, tabaka lililoorodheshwa linahesabika kwa watu wa dini ya Kihindu, Masingasinga na Wabuddha. Familia iliyokuwa imeingia Ukristo au Uislamu kabla ya mgao inaweza kujikuta nje. Kwa hiyo cheti cha tabaka kinachotakiwa ni cha marehemu baba mkwe. Cha mume wako hakitoshi.

Upande wa ardhi, sheria inahesabu mashamba ya serikali yaliyogawiwa moja kwa moja, na pia yaliyotolewa chini ya sheria za mageuzi ya ardhi, za ukomo wa ukubwa wa mashamba na za kufuta miliki za kale ziitwazo inam. Haihesabu ardhi iliyoambatana na vyeo vya kurithi vya kijijini. Na mpangaji aliyepewa haki ya shamba alilokuwa akilima na baraza la ardhi, Mahakama Kuu ya Karnataka ilimweka nje ya PTCL, kwa kuwa pale serikali ilitambua haki aliyokuwa nayo tayari. Yenu, kwa ulivyoeleza, ni mgao wa bure wa ardhi ya serikali. Hiyo imo ndani kabisa.

Sasa tuje kwenye neno ambalo dalali analizunguka: "uhamisho". Sheria imelitanua makusudi. Ndani yake yamo mauzo, zawadi, kubadilishana, rehani (ardhi ikabidhiwe au isikabidhiwe), ukodishaji, na hata makubaliano tu ya kuja kufanya mojawapo ya hayo. Yaliyoachwa nje ni mawili: mgawanyo wa mali kati ya wanafamilia, na wosia. Tena kuna msamaha kwa ardhi inayohamishiwa serikali, mamlaka ya mtaa au benki, ndiyo maana mkulima mwenye ardhi hii anaweza kuiweka rehani benki akapata mkopo wa mbegu. Mkopeshaji wa mtaani hana msamaha huo. Sheria pia haina kifungu cha "isipokuwa kwa Mdalit mwenzake". Mnunuzi awe nani, kibali kinatakiwa.

Sasa ipime karatasi ya dalali. "Makubaliano ya kuuza" ni uhamisho, kwa hiyo bila kibali ni batili siku hiyohiyo ya kusainiwa. Hati ya uwakili peke yake si uhamisho, lakini ikifungamana na makubaliano, pesa na kukabidhi shamba, hakuna ofisa atakayeshindwa kuona mauzo yaliyovaa kanzu. Zaidi ya hapo, Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Suraj Lamp la 2011, ilisema wazi kwamba mauzo kwa hati ya uwakili hayahamishi umiliki wa ardhi popote nchini. Wengine huongeza wosia, mwenye shamba amwandikie dalali, kwa kuwa wosia umeachwa nje ya katazo. Wosia kwa mtu baki aliyekwisha kulipa pesa una harufu yake, na mahakamani swali la kwanza huwa: pesa hizi zilikuwa za nini?

Kwa nini basi dalali anajiamini? Kwa sababu anajua wanaosubiri hatari ni wengine. Yeye hukusanya saini, huuza haki yake kwa mjenzi wa viwanja, mjenzi naye huuza vipande kwa watu 40 wa mjini. Karatasi ikija kuanguka, yeye hayupo. Huenda pia akawaambia kwamba msajili wa hati akiiandikisha, mambo yamekwisha. PTCL inamkataza msajili kuandikisha uhamisho unaoivunja. Ila msajili anaangalia karatasi iliyoletwa mezani, hafungui jalada la mgao la 1976. Hati nyingi zimepita kwa njia hiyo, na mhuri wake haukuziponya.

Ekari 2 zilizobaki, kama familia imeamua kweli kuuza, njia ni kibali. Warithi wote wanaomba kwa pamoja kupitia ofisi ya Naibu Kamishna, ambaye ndiye mkuu wa wilaya. Neno la mwisho ni la serikali ya jimbo. Andaeni hati ya mgao, cheti cha tabaka, mti wa ukoo uliothibitishwa, nakala za rejesta ya shamba, maelezo ya kwa nini mnauza (matibabu, deni, kununua shamba jingine), jina la mnunuzi na bei. Bei ikiwa chini ya bei elekezi ya serikali kwa eneo hilo, ombi linajiua lenyewe, kwa sababu sheria iliwekwa kumlinda mwenye ardhi dhidi ya bei ya kutupa. Kibali kikija baada ya mauzo hakifai. Sheria inasema "kibali cha awali", na mahakama hulisoma neno "awali" kama lilivyo.

Nasema warithi wote kwa sababu swali lako limetaja shemeji tu. Mawifi zako wako wapi? Kwa familia ya dini ya Kihindu, mabinti ni warithi sawa na kaka zao. Marekebisho ya 2005 ya sheria ya urithi ya Kihindu yalimaliza ubishi mkubwa uliokuwapo. (Watu wa makabila yaliyoorodheshwa wana utaratibu tofauti, lakini ninyi ni wa matabaka.) Kaka wakisaini peke yao, mnunuzi amenunua kesi. Mama mkwe naye, kama yu hai, ana sehemu yake. Mkitaka kugawana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja ajue kipande chake, hilo halihitaji kibali, nami ningelifanya kwanza kabla ya kuwaza kuuza.

Kuhusu wewe kutuma pesa: jibu ni hapana, na sababu zake ni mbili zisizotegemeana. Ya kwanza ni hiyo PTCL. Kununua kutoka kwa shemeji ni uhamisho kama mwingine, kwa kuwa wewe si mmoja wa warithi wa baba mkwe wanaogawana. Ya pili ni sheria ya fedha za kigeni ya India, ambayo haimruhusu mgeni kununua shamba la kilimo. Hata aliyepata kadi ya OCI, ile ya raia wa ng'ambo wa India, anaweza kununua nyumba au fleti, lakini si shamba, si shamba la miti ya biashara, wala si nyumba ya shambani. Kumtanguliza mtu mwingine jina lake ndilo liandikwe, pesa ziwe zako, kunakuacha huna hati, huna risiti unayoweza kuionyesha, na huna wa kumshitaki bila kujishitaki. Kama mume wako ndiye mrithi, haki yake iko palepale bila pesa yako.

Turudi kwa jirani na zile ekari 2 za 1994. Hapa tarehe ndizo zinazozungumza, kwa hiyo twende polepole.

Mauzo ya kabla ya 1 Januari 1979 yanapimwa kwa sharti la hati tu. Kama yalifanyika muda wa katazo ukiwa haujaisha, ni batili. Kama ulikwisha, ni halali. Mwaka 1984, katika shauri la Manchegowda, Mahakama ya Juu iliithibitisha PTCL kuwa halali kikatiba, lakini ikaacha mlango mmoja: mnunuzi ambaye kabla ya sheria kuanza alikwisha kuimiliki ardhi kwa kukaa muda mrefu bila kupingwa, hanyang'anywi. Muda huo ni miaka 12 pale umiliki kamili ulipokuwa wa aliyegawiwa, na miaka 30 pale umiliki ulipobaki kwa serikali. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka 1979, mnunuzi wa aina hiyo alitakiwa awe ameshika shamba tangu 1967, au tangu 1949. Jirani yenu hawezi kupita hapo. Mwaka 1967 shamba lilikuwa bado la serikali.

Mauzo ya baada ya 1 Januari 1979 yanapimwa kwa makufuli yote mawili. Ya baba mkwe yalipita kufuli la kwanza, maana 1994 miaka 15 ilikuwa imekwisha. Yaligota la pili: kibali cha serikali hakikuwapo. Kwa hiyo ni batili, na ubatili huo unamfuata kila aliyenunua baadaye kutoka kwa jirani. Hata mzigo wa ushahidi umegeuzwa. Ardhi ya mgao ikikutwa mikononi mwa mtu asiye mgawiwa wala mrithi wake, sheria inachukulia kwamba ilipatikana kwa uhamisho batili mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Na haimrudishii mnunuzi bei aliyolipa.

Hapo mtu angesema kesi imekwisha. Haijaisha, na hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza pesa za wakili. PTCL haikuweka muda wa kuomba ardhi irudishwe, na watu waliizoea hivyo hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa Nekkanti Rama Lakshmi mwaka 2017. Katika shauri hilo ombi lilikuja miaka kama 25 baada ya sheria kuanza. Mahakama ikasema pasipo na muda uliotajwa, mtu aje ndani ya muda wa busara, na huo haukuwa wa busara. Maombi mengi yakaanguka kwa msingi huo. Mwaka 2023 Bunge la Karnataka likajibu kwa kuongeza vifungu kwamba hakuna ukomo wa muda wowote wa kuitumia sheria hii, na kwamba hilo linahusu hata kesi zilizokuwa zinaendelea. Familia zikashangilia. Mwaka 2024 jopo la majaji wawili la Mahakama Kuu ya Karnataka, katika shauri la Gouramma, likasema marekebisho hayo hayajabadilisha kitu kwenye suala la kuchelewa kupita kiasi. Kutokuwapo kwa ukomo wa muda ni jambo moja; mtu kulala juu ya haki yake wakati mwenzake anajenga ni jambo jingine, na la pili mahakama bado inalipima.

Kwa hiyo mna mauzo batili, na mna zaidi ya miaka 30 ya ukimya. Kwa maoni yangu, mkienda na tarehe ya mauzo na marekebisho ya 2023 peke yake, mtashindwa. Kitakachowabeba ni maelezo ya ukimya huo yenye karatasi. Je, baba mkwe aliwahi kulalamika kwa tahsildar, yule mkuu wa taluk (kama tarafa ya huku), hata kwa barua moja? Warithi walikuwa watoto mwaka gani hadi mwaka gani? Jirani alitumia vitisho, au alimweka saini ya kidole mtu asiyejua kusoma kwa kumwambia ni karatasi ya mkopo? Je, sehemu ya ekari hizo bado mnalima ninyi? Yanayowavunja ni kinyume chake: jirani kajenga nyumba, kapanda miembe ambayo leo ina miaka 20, ninyi mkapita hapo kila siku. Na kuna jambo halisemwi waziwazi: zipo familia zilizouza kwa hiari, zikangoja bei ipande mara mia, kisha zikafungua ombi ili mnunuzi awalipe tena. Hizo ndizo zilizowafanya majaji wawe wagumu, na wenye dhuluma ya kweli wanaliona joto hilo sasa.

Mkiamua kuendelea, mlango ni kwa Kamishna Msaidizi wa sehemu ya wilaya lilipo shamba, chini ya kifungu cha 5. Msianze mahakama ya kawaida ya madai. Sheria imeizuia hata kutoa zuio dhidi ya shauri hilo. Kamishna huita pande zote, huomba taarifa ya tahsildar, husikiliza, kisha huamua. Akiwapa haki, humwondoa aliyepo na kuwarudishia warithi. Rufaa ni kwa Naibu Kamishna ndani ya miezi 3, na baada ya hapo Mahakama Kuu. Na jirani akija kutaka suluhu, "nipeni karatasi ya kuthibitisha, niwaongeze pesa," kumbukeni kwamba karatasi hiyo nayo ni uhamisho. Bila kibali cha awali mtakuwa mmerudia kosa la 1994.

Yote haya yanasimama juu ya jalada la mgao, na hilo litafutwe kabla ya wakili kulipwa. Shemeji aende ofisi ya taluk na jina la kijiji, namba ya upimaji na mwaka 1976, aombe nakala zilizothibitishwa za amri ya mgao na cheti kiitwacho saguvali chit. Kisha achukue pahani, ile rejesta ya shamba ya kila mwaka, kuanzia 1976 hadi leo. Ya siku hizi inatoka kwenye kompyuta. Za zamani zimeandikwa kwa mkono kwa Kikannada na zinasomwa kwa shida. Asome mambo matatu: nani ameandikwa mmiliki kila mwaka, aliipataje, na kama sehemu ya haki nyingine na madeni ina alama ya PTCL. Alama isipokuwapo si uhuru, ni uzembe wa karani. Namba ya upimaji huenda imebadilika njiani. Akikuta herufi P kando ya namba, mara nyingi ni dalili kwamba kipande kilikatwa kutoka ardhi ya serikali na upimaji wa kukitenga, wanaouita podi, haujafanyika. Hapo aombe podi kwanza, kwa sababu bila mipaka hata Kamishna akiwapa haki, hakuna atakayejua ekari 2 za jirani zinaanzia kwenye mwembe upi.